Tuwapeleke watoto Kilwa, lakini tusianzie Gerezani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala tulikuwa tumekaa barazani mwa msikiti, hapa Sumbawanga, upepo wa Ufipa ukituambia tusisahau makoti yetu. Mtoto wa ndugu yangu, kijana wa sekondari, alikuwa amerejea kutoka safari ya Kilwa Kisiwani. Akatoa simu yake ili atuonyeshe sisi wazee alichokiona. Tulihesabu picha ishirini. Kumi na mbili zilikuwa za jengo moja tu, lile boma la kando ya bahari liitwalo Gereza. Mzee mmoja akamwuliza, “Mwanangu, mji huu nani aliujenga?” Kijana akajibu bila kusita, “Wareno, babu.”

Wazee walicheka kidogo kisha wakanyamaza. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, maana kijana huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Alisafiri zaidi ya kilomita elfu moja, akauona mji kwa macho yake, na bado akarudi na jibu lisilo sahihi. Basi makala haya ya leo nayaelekeza kwa wazazi wenzangu wa Kiislamu, hususan tunaoishi mbali na pwani. Hoja yangu ni hii: safari ya kuizuru miji ya kale ni jambo jema, tena ni sehemu ya malezi. Lakini safari isiyotanguliwa na elimu humrudisha mtoto akiwa na picha nyingi na maarifa haba.

Miaka saba na karne tano

Mashua inayotoka Kilwa Masoko huwashusha wageni ufukweni, na jengo la kwanza linalowapokea ni Gereza. Ndiyo maana wengi huanzia hapo, na wengine huchoshwa na jua wakaishia hapo. Laiti mwenyeji angewaambia kwanza tarehe zake.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa akiwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, aliyekuwa mtawala wa mji, kutoa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwezi Julai mwaka 1505 likaja kundi kubwa zaidi la merikebu, likiongozwa na Francisco de Almeida. Askari wake waliuvamia mji, wakaupora, wakamweka mtawala waliyemtaka wao, na wakajenga ngome. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome hiyo wakaondoka. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ni miaka saba tu.

Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya kuta za Gereza zinazoonekana leo ilijengwa katika zama za Waomani, yapata mwanzoni mwa karne ya 19, juu ya masalia ya ile ngome ya Mreno. Kwa hiyo picha nyingi za kijana wetu hazikuwa hata za kazi ya Wareno. Jina lenyewe la jengo ndilo lenye alama yao iliyo wazi zaidi. Wataalamu wa lugha husema neno “gereza” limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Neno la nyumba ya ibada likageuka katika vinywa vya watu wa pwani likawa jina la nyumba ya kufungia watu. Sihitaji kueleza zaidi. Lugha imekwisha kutoa ushahidi wake.

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Hatua chache kutoka Gereza upo Msikiti Mkuu wa Kilwa. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo ya kale zaidi, ni ya karne ya 11 hadi ya 12, yaani zaidi ya miaka mia tatu kabla ya merikebu ya kwanza ya Mreno kuonekana katika bahari hiyo. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua kwa upande wa kusini, akauongezea kuba kubwa ambalo kwa karne nyingi hapakuwa na mfano wake katika Afrika Mashariki. Nguzo, matao na makuba hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa nyumba kubwa za pwani, fundi alichonga tumbawe likiwa bado bichi na laini, na lilipokauka likawa gumu kama jiwe jingine lolote.

Mashariki ya mji, juu ya kijilima kinachotazama bahari, ipo Husuni Kubwa, kasri la sultani huyo huyo, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Kilwa ilikuwa ikitengeneza sarafu zake yenyewe za shaba zenye majina ya masultani. Sarafu ya Kilwa imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Utajiri huo ulitokana na biashara ya bahari, na hasa dhahabu iliyopita Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Haya yote yalikuwapo kabla ya mwaka 1502. Mreno hakuujenga mji, bali aliukuta.

Nguo ya Ijumaa

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Moroko. Aliuona mji huo katika ubora wake, na alimkuta al-Hasan bin Sulaiman akitawala. Watu walimpa sultani huyo lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa ukarimu wake.

Msafiri huyo anasimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka kuswali, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani hakumfukuza wala hakumpa ahadi ya kesho. Alirudi akaingia nyumba ya khatibu, akabadili mavazi yake, akampa fakiri zile nguo. Ni kisa ambacho baba yeyote anaweza kumsimulia mwanawe akiwa amesimama ndani ya magofu ya msikiti ule, na mtoto akakikumbuka hadi uzeeni.

Lakini uaminifu unatutaka tukisimulie kisa hiki hadi mwisho wake. Mwana wa sultani alizichukua zile nguo, akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Na baba mtu aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapo ndipo sisi tunaotoka bara tunapopaswa kutulia na kutafakari. Pembe na watu hao walitoka wapi? Hawakuota baharini. Walitoka bara, kwa watu waliokuwa na mama zao na mashamba yao.

Tusiwafiche watoto wetu jambo hili. Katika karne ya 18 na ya 19 biashara ya watu ilipamba moto katika eneo la Kilwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliingia mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice wa kumwuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Baadaye Kilwa Kivinje, mji wa bara ulio kaskazini ya kisiwa, ukawa bandari kubwa ya kusafirishia mateka waliotoka pande za Ziwa Nyasa, hadi mkataba wa mwaka 1873 ulipoifunga biashara hiyo ya baharini. Waliouza na walionunua walikuwamo Waislamu wenzetu. Mzazi anayemwonyesha mtoto mizinga ya Mreno na kumficha minyororo ya wafanyabiashara wetu hamfundishi historia, bali anamfundisha upendeleo. Na mtoto atakapoipata habari hiyo kwa watu wengine, hatatuamini tena hata katika yale tuliyomwambia kweli.

Mlango ulifunguliwa kwa ndani

Swali ambalo kila mtoto mwenye akili atauliza mbele ya Gereza ni hili: mji wenye nguvu kiasi kile uliangukaje kwa siku moja? Jibu jepesi ni mizinga, nalo ni kweli, ila ni nusu ya kweli.

Wareno walipofika, utawala wa Kilwa ulikuwa na mpasuko wa siku nyingi. Maamiri walikuwa wakinyang’anyana madaraka na ukoo wa masultani, na Ibrahim mwenyewe hakuwa na haki ya kiti hicho machoni mwa wengi. Ndiyo maana Almeida hakupata taabu kumwona mtu wa kumkalisha mahali pake. Miji mingine ya pwani nayo ilikuwa ikioneana wivu. Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu, na Malindi ikamkaribisha Mreno kwa kutaraji kwamba atamkomoa jirani yake. Mombasa nayo iliporwa mwaka ule ule wa 1505, na mwishoni mwa karne hiyo Mreno akajenga hapo Ngome ya Yesu, ambayo alinyang’anywa mwaka 1698.

Ndugu Waislamu, somo hili halihitaji merikebu ili lieleweke. Ni misikiti mingapi katika miji yetu ambayo waumini wake wamegombania funguo, daftari la sadaka au nafasi ya mimbari, hadi wakahitaji mtu wa nje aje awaamue? Ni familia ngapi ambazo ndugu wa tumbo moja wamegombania kiwanja cha marehemu baba yao hadi kiwanja kikaishia mikononi mwa asiyewahusu? Mji wa Kilwa ulikuwa na kuba, sarafu na kasri, lakini haukuwa na neno moja. Aliyekuja alisukuma mlango ambao wenyeji walikwisha kuulegeza kwa mikono yao.

Tuanzie nyumbani kwetu

Atasema msomaji: wewe uko Sumbawanga, na Kilwa iko mbali mno. Ni kweli. Tangu barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilipowekwa lami katika muongo wa 2010, safari imekuwa nyepesi kuliko zamani, lakini bado ni safari ya kuvuka nchi, kutoka nyanda za juu hadi usawa wa bahari. Ndiyo maana nasema maandalizi yaanzie hapa hapa Ufipa.

Kilomita zipatazo 110 kutoka Sumbawanga, kupitia Matai, mtu hufika Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mahali hapo Wajerumani walijenga boma wakapaita Bismarckburg, na kuta zake zimebaki hadi zama zetu. Waingereza walilitwaa mwezi Juni mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtoto aliyeiona Kasanga atakuwa amekwisha kujifunza nusu ya somo la Gereza la Kilwa: mgeni mwenye silaha hujenga ukingoni mwa maji, hulipa jengo jina la kwao, kisha huondoka, na wenyeji hubaki wakilima.

Na wenyeji wa Ufipa hawakuwa watu wasio na kitu. Palikuwa na tawala za Nkansi na Lyangalile zenye wafalme na taratibu zake. Walikuwapo mafundi waliofua chuma kwa tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zilizopita kimo cha mtu, zikivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo ndipo kikafuliwa kuwa jembe au shoka. Masalia ya tanuri hizo yamesimama mashambani, na watoto wetu huyapita wakienda shule bila kuyauliza jina.

Karibu na Kasanga yapo maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba mahali hapo, upande wa Zambia, paligunduliwa magogo yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mikono miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Ni kazi ya kale mno, ya kumfanya kila mwenye kiburi cha ustaarabu anyenyekee.

Tena ipo alama nyingine ya Mreno iliyo karibu zaidi, nayo imo sahanini. Chakula cha asili cha Wafipa kilikuwa ulezi. Mahindi, ambayo leo ndiyo fahari ya mkoa wa Rukwa na ndiyo yanayojaza maghala yetu, ni zao la asili ya Amerika, na yalifika katika pwani za Afrika kwa njia za bahari zilizofunguliwa na Wareno. Basi mama anaposonga ugali, anaweza kuwaambia wanawe kwamba watu wale walioleta mizinga waliacha pia mbegu. Ndivyo historia ilivyo. Ni nadra kuwa nyeupe yote au nyeusi yote.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo ndugu zetu watakaosema kwamba Muislamu hafungi safari kwa ajili ya ibada ila kwenda katika misikiti mitatu mitukufu. Nami nakubaliana nao. Hatwendi Kilwa kutafuta fadhila ya ziada ya swala, wala hatwendi makaburini kuwaomba wafu haja zetu. Tunakwenda kuzingatia. Qur’ani Tukufu inatuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi na tuangalie ilikuwaje hatima ya waliotutangulia. Anayekwenda kwa nia hiyo, akazihifadhi swala zake safarini, akavaa mavazi ya heshima na kuyaheshimu makaburi, hajatoka nje ya mafundisho ya dini yake.

Wengine watasema ni israfu. Hoja hii ni nzito zaidi, na sitaidharau. Mwenye deni alipe deni, na mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya mahitaji ya shule ashughulikie hilo kwanza. Magunia ya mahindi yanayoweza kuilisha familia hadi msimu ujao yasiuzwe kwa sababu ya nauli ya kwenda kutazama magofu. Lakini tuwe wakweli. Wengi wetu hatushindwi kuchangia harusi ya siku moja kwa fedha ambazo zingewafikisha baba, mama na watoto wawili hadi Kilwa na kuwarudisha. Familia inayoweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu, ikaanza na Kasanga mwaka huu na kuiacha Kilwa kwa mwaka mwingine, haijafanya israfu. Imenunua elimu.

Tukifika, tufanye hivi

Likizo ya mwezi Juni ndiyo inayofaa, kwa kuwa mavuno ya kwetu yanakuwa yameanza kuingia na masika ya pwani yamepungua. Mvua kubwa zimewahi kuikata barabara ya kusini, kama ilivyotokea mwezi Mei mwaka 2024, kwa hiyo mtu aulize hali ya njia kabla ya kuondoka. Kibali na mwongozaji hupatikana Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua.

Mashua ikifika, tulipite Gereza tukilitazama tu. Twende kwanza Msikiti Mkuu, tukae chini kivulini, tuwasimulie watoto kisa cha nguo ya Ijumaa pamoja na mwisho wake. Twende Husuni Kubwa kabla jua halijawa kali. Tuwasalimu wenyeji wa kisiwa na kuwauliza habari zao, kwa kuwa Kisiwani si makumbusho matupu. Ni kijiji cha watu wanaovua, wanaolima na wanaoswali. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2023, uliohusisha mifupa ya kale kutoka Kilwa na Songo Mnara, ulionyesha kwamba miji ya pwani ilizaliwa kwa mchanganyiko, wengi wa akina baba wa mwanzo wakiwa na asili ya Uajemi na wengi wa akina mama wakiwa Waafrika. Basi binti wa Kifipa anaposimama pale asijione mgeni kabisa. Mabibi wa mji ule walikuwa wanawake wa bara hili.

Mwenye siku ya ziada aende Songo Mnara, kisiwa cha jirani chenye nyumba za mawe, misikiti na makaburi ya karne ya 14 hadi ya 16. Magofu ya visiwa hivi viwili yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari, mvua na mizizi ya miti vilikuwa vikiyala, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Hii ina maana kwamba kuta hizo zimesimama kwa sababu wapo watu waliozitumikia. Mtoto asiokote hata kigae kimoja, wala asichore jina lake ukutani.

Mwisho wa yote, jua likielekea magharibi na mashua ikisubiri, hapo ndipo tuingie Gerezani. Mtoto aliyekwisha kuuona msikiti, kasri na makaburi atalitazama boma lile kwa jicho jingine. Atajua kwamba ni ukurasa mmoja katika kitabu kirefu, na kwamba waliouandika ukurasa huo kwa upanga walikaa miaka saba wakaenda zao.

Yule kijana wetu nilimwita nyumbani jioni ile ile. Tulizitazama picha zake upya, moja baada ya nyingine. Ya kumi na tano ilikuwa ya Msikiti Mkuu, ameipiga haraka haraka, matao yakiwa yamekatwa juu. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Baba mdogo, nilipita hapa nikidhani ni ghala.” Sikumlaumu. Hakuna aliyemwambia, na mimi ni mmoja wa waliopaswa kumwambia. Tumekubaliana kwamba Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutakwenda pamoja, naye ndiye atakayewaongoza wadogo zake.

Wabillahi tawfiq.